Mlenda si Chakula cha Kuficha



Leo tuzungumze juu ya mlenda wa bamia. Kwetu Dodoma na Singida, nani hajaula? Lakini mgeni akiingia tunaficha chungu na kukimbilia dukani. Tunaona haya! Tunasema mlenda ni chakula cha mtu asiye na kitu. Ndugu, hapo tunajidanganya.

Mlenda wa watu 6 unataka vitu hivi: bamia changa 20, majani ya kunde au ya maboga viganja 2 vilivyojaa, nyanya 2, kitunguu 1, karanga zilizopondwa kikombe 1 cha chai, maji vikombe 2, na chumvi kidogo. Karanga zenye ukungu tusitie. Sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Kwanza tuoshe bamia na majani, ndipo tukate. Tukikata kwanza halafu tukaosha, vitamini inakwenda na maji. Maji yakichemka, tutie bamia, majani, nyanya na kitunguu. Tusifunike, maana mlenda hufoka ukamwagika. Baada ya dakika 10 tupekeche kwa upekecho mpaka uvutike. Karanga tuzikoroge na maji kidogo, tuzitie, ziive kwa moto mdogo dakika 10 nyingine huku tukikoroga. Chumvi iwe mwisho.

"Na magadi je?" mtauliza. Hapo wengi tunakosea. Ni kweli, magadi yanalainisha majani upesi. Lakini yakizidi yanaharibu vitamini. Bamia changa zina ute wake zenyewe, hazina haja ya magadi. Mwenye majani magumu atie kidogo tu, ncha ya kijiko.

Sasa tuwatazame watoto. Mtoto aliyeachishwa ziwa, ugali mkavu unamshinda. Mlenda unamteremshia tonge. Majani yanampa vitamini A ya kulinda macho. Karanga zinajenga mwili, na mafuta yake yanasaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Tukiuza bamia zote na karanga zote mnadani, mtoto akabaki na ugali na chumvi, tumeuza nini? Tumeuza afya yake.

Akina baba, tusiseme habari ya jikoni haituhusu. Anayepeleka gunia la karanga mnadani ni nani? Si sisi? Basi tubakize kwanza za nyumbani.

Jioni ya leo tuchukue daftari, tuandike mapishi haya, tuyabandike jikoni. Tulijifunza kusoma ili nyumba zetu zipate faida. Na mgeni akija, tumkaribishe mlenda bila haya.