Mrabaha wa Dhahabu na Mrabaha wa Picha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Shinyanga)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kipato cha kijana anayemaliza shule. Nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni kuuza picha kwa makampuni ya nje kwa njia ya intaneti. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kupiga picha ya mnada wa ng'ombe, ya shamba la pamba au ya wachimbaji kwenye maduara ya Geita, akaipeleka huko, na kila inaponunuliwa akapata mrabaha.

Neno mrabaha si geni kwetu. Mwaka 2017 sheria iliupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Huo hulipwa kwa taifa, kwa sababu utajiri wa ardhini ni wa wananchi wote. Mrabaha wa picha hulipwa kwa aliyeitengeneza, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua kuwa mwenye mali.

Lakini ni kiasi gani? Mwezi Juni 2020 kampuni ya Shutterstock ilianza kuwalipa wapiga picha kwa madaraja, kuanzia asilimia 15 hadi 40, na kila Januari Mosi mpiga picha akarudishwa daraja la chini kuanza upya. Kiwango cha chini kikawa senti 10 za dola kwa picha. Picha mia kwa bei hiyo ni dola 10. Asiyeijua hesabu hii huacha shamba akifuata ndoto.

Sasa nije kwenye utapeli. Mwishoni mwa mwaka 2010 wezi walitumia kadi za benki zisizo zao kununua picha nyingi katika kampuni ya iStockphoto. Wenye kadi walipolalamika, benki zilirudisha fedha zao. Mwaka 2011 kampuni nayo ikakata mirabaha iliyokwisha kuandikwa katika hesabu za wapiga picha. Picha zilikwisha kuchukuliwa, na fedha pia zikaondoka.

Ndugu zangu, tulitazame jambo hilo kwa macho ya haki. Mpiga picha hakumwona mnunuzi wala hakuishika ile kadi. Aliyekuwa na uwezo wa kuikagua ni kampuni, na kampuni ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya bei. Hata hivyo hasara ilishushwa kwa mnyonge aliye mwisho wa mstari. Wachimbaji wadogo wanayajua mambo hayo. Kwa miaka mingi waliuza kwa mizani ya mnunuzi na kwa bei ya mnunuzi. Ndiyo maana soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019 lilikuwa hatua kubwa: dhahabu inapimwa mbele ya muuzaji, na serikali ipo. Muuza picha bado hana soko la namna hiyo, kwa hiyo hana budi kujilinda mwenyewe.

Vijana, shikeni haya. Someni mkataba, hasa kifungu kinachosema nani atabeba hasara malipo yakirudishwa. Msitumie fedha mnayoiona kwenye hesabu ya kampuni kabla haijaingia mikononi mwenu. Tunzeni picha ya asili pamoja na tarehe yake, kwani huo ndio ushahidi wenu. Mtu anayetambulika usoni aombwe ridhaa kwa maandishi. Mchimbaji naye ana haki ya sura yake. Msiuze kwa jina la mtu mwingine, maana malipo yatakuwa yake. Na mtu akidai mtume ada kwanza ili malipo yenu yafunguliwe, jueni huyo ni tapeli. COSOTA ipo kwa ajili ya kazi zenu, zisajilini.

Nanyi wazee wenzangu, tusiwaambie vijana hawa kwamba kazi hiyo ni mchezo. Miongoni mwetu wamo wanasheria, wahasibu na watu wa benki. Kijana akikuletea mkataba, keti naye uusome mstari kwa mstari kabla hajaweka sahihi. Hiyo nayo ni karo tunayodaiwa na shule hii.