Daftari la Dada Yangu



Dada yangu ana kaunta buku ambayo jalada lake limeshikiliwa kwa solotepu. Ukilifungua utakuta tarehe, saa na dakika. "Saa 11 na robo alfajiri, amejikunja mara 14, akalala." "Saa 2 asubuhi, amekataa uji." "Usiku mzima macho." Ni daftari la mwanawe, mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka 7. Huko nyumbani tulizoea kuliona kama daftari la huzuni. Leo naomba nilizungumzie kama hati ya matibabu, tena kamili kuliko faili lolote nililowahi kuona mezani kwa mtaalamu.

Mambo yalianza akiwa na miezi 5. Kila akiamka, kichwa kinainama ghafla, mikono inatanuka kama mtu aliyeshtuliwa, kisha anatulia. Sekunde chache, tena. Majirani wakasema ni degedege, na mmoja akaonya asipelekwe hospitali, kwani mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Maneno hayo mnayajua. Dada yangu alisita wiki mbili, na mpaka leo wiki hizo mbili zinamuuma, maana mishtuko ya aina ile kwa mtoto mchanga ni jambo la dharura: kadiri inavyoachwa, ndivyo inavyomrudisha nyuma akili na makuzi.

Aliyefumbua fumbo ni daktari kijana. Alimvua mtoto nguo, akamulika ngozi kwa taa maalumu, akaona mabaka meupe mgongoni na pajani, yenye umbo la jani. Vipimo vikafuata. Ugonjwa unaitwa tuberasi sklerosisi. Daktari Mfaransa, Bourneville, aliueleza tangu mwaka 1880, na kisa chake ni hitilafu katika jeni moja kati ya mbili zinazozuia seli zisikue ovyo. Vivimbe visivyo saratani huota kwenye ubongo, figo, moyo na ngozi. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 katika kila 6,000 wanaozaliwa. Na kwa wengi wao, wazazi hawana ugonjwa huo. Hitilafu imeanza na mtoto mwenyewe. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu yupo mama, mahali fulani, anayeambiwa na mawifi zake kwamba kaleta mkosi.

Mpwa wangu alipofika miaka 3 akawa hasemi, haitiki akiitwa, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani. Usonji. Haikuwa bahati mbaya juu ya bahati mbaya: karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa huu wana usonji pia, kwa sababu ubongo ni uleule. Lakini huduma zetu hazijui kwamba ubongo ni uleule.

Hapo ndipo safari ilipoanza kweli. Kliniki ya kifafa ikasema masuala ya tabia yako kwingine. Kwenye mazoezi ya kuongea wakasema kwanza degedege liishe. Shule moja ikasema ina nafasi ya mtoto wa usonji, ila si anayeanguka. Shule nyingine ikasema kuanguka si tatizo, ila awe anaongea. Figo zake hakuna aliyeziuliza mpaka dada yangu alipouliza mwenyewe. Kila mlango ulikuwa na mtu mwema ndani yake, nakiri hilo kwa moyo mweupe. Kila mmoja alimpokea mtoto kipande, na aliyebaki kuviunganisha vipande ni mama mwenye elimu ya darasa la saba, mwenye daftari.

Mwaka juzi mtoto akaanza kugonga kichwa ukutani. Siku tatu hakulala. Katika kituo kimoja wakamwambia dada yangu, "Mama, huo ndio usonji, vumilia." Akavumilia. Siku ya nne muuguzi mmoja wa makamo, aliyekuja kumpima uzito tu, akamshika mtoto kidevu taratibu na kumulika sikio. Lilikuwa limejaa usaha. Siku tatu mtoto alikuwa akisema "naumwa" kwa lugha pekee aliyonayo, nasi tukajibu kwamba ni usonji. Na kwa mtoto mwenye tuberasi sklerosisi hatari ni kubwa zaidi, maana kivimbe kikikua kikaziba njia ya maji ya ubongo, dalili zinaweza kuwa hizohizo: kichwa kuuma, kutapika, tabia kubadilika. Mabadiliko ya ghafla yatafutiwe sababu mwilini kwanza.

Huduma zipo, jamani, ingawa ni chache na ziko mbalimbali. Madaktari bingwa wa watoto wako hospitali za Muhimbili, Bugando, KCMC. Shule ya Msimbazi Mseto pale Ilala ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kilimanjaro kuna kituo cha Gabriella. Kwa magonjwa adimu kama huu kuna taasisi ya Ali Kimara. Sheria ya Tanzania ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja haki ya matibabu, ya elimu na ya utengamao. Na Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa adimu kipaumbele. Kinachokosekana ni uzi wa kuzishona huduma hizi pamoja.

Uzi huo mimi nauona kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Yupo tayari, ana ofisi, ana muhuri. Apewe orodha ya watoto kama huyu katika wilaya yake, awe na simu ya daktari, ya afisa elimu maalumu na ya mama. Kliniki ikibadili dozi, shule ijue. Shule ikiona mtoto amepoa kupita kawaida, kliniki ijue. Jambo hili halihitaji jengo jipya. Linahitaji mtu mmoja atamkwe kwa jina kwamba mtoto huyu ni wake, na akihamishwa kituo cha kazi, ayakabidhi mafaili kwa mwenzake kama anavyokabidhi funguo.

Wakati tunasubiri hilo, mzazi unayenisikiliza, degedege likija chukua simu urekodi. Daktari akiona sekunde 30 za video anaelewa kuliko maelezo ya nusu saa. Usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, tazama saa, na likipita dakika 5 tafuta hospitali.

Jumapili iliyopita mimi na dada yangu tulikaa na daftari hilo pamoja na mengine yake mawili, tukayafupisha kwenye ukurasa mmoja. Jina la ugonjwa. Dawa na dozi zake. Kipimo cha ubongo na cha figo kinachofuata, mwezi gani. Anachokiogopa: mlio wa blenda. Anachokipenda: vizibo, na kushikwa kiganja, si bega. Akiumwa hasemi, hugonga kichwa; mwangalie masikio, meno, tumbo. Tukaenda steshenari tukatoa nakala tano. Moja ya kliniki, moja ya mwalimu, moja ya ustawi wa jamii, moja inakaa kwenye mkoba. Ya tano ameibandika ukutani karibu na swichi ya taa, ili hata jirani akiingia usiku akamkuta mtoto ameanguka, akiwasha taa tu aione.