Rabi: Cheo cha Mwalimu kwa Mayahudi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), napenda tulizungumze neno moja. Wapo wahubiri wetu wanaotangaza kwamba Mayahudi huwaita wanavyuoni wao "rabi" kwa kuwa wamewafanya miungu. Hoja hiyo haisimami.

Kwa Kiebrania, "rav" ni mkubwa, na "rabi" ni mkubwa wangu, yaani mwalimu wangu. Shina lake na la neno la Kiarabu "Rabb" ni moja, lakini matumizi yamepishana. Nasi humwita mwanachuoni "Maulana", bwana wetu. Nani ametukufurisha kwa hilo? Cheo hicho kilienea katika karne ya kwanza ya Miladi, zama ambazo Warumi walilibomoa Hekalu la Baytul-Maqdis, mwaka 70. Hillel na Shammai, waliotangulia, hutajwa kwa majina matupu. Wala rabi si kuhani: ukuhani ni wa kizazi cha Nabii Harun (a.s.), ama urabi hupatikana kwa kusoma. Musa bin Maymun, rabi mashuhuri aliyefariki Misri mwaka 1204, alikuwa tabibu, na aliwalaumu vikali wanaoifanya elimu ya Taurati kuwa njia ya riziki. (Hapa baadhi yetu tutainamisha macho.)

Basi aya ya 31 ya Sura At-Tawba inalaumu nini? Amepokea Tirmidhi kwamba Adiyy bin Hatim (r.a.), aliyekuwa Mkristo, aliisikia aya hiyo kwa Mtume (s.a.w.), akaelezwa kwa maana hii: watu wale hawakuwasujudia wanavyuoni wao, bali walipohalalishiwa jambo walilihalalisha, na walipoharamishiwa waliliharamisha. Lawama ni ya utiifu usiouliza dalili. Nasi tunaposema "Sheikh kasema" na mjadala ukafungwa, aya hiyo inatuhusu.

Ama wanavyuoni wa Kiyahudi wenyewe, Qur'ani haikuwatia wote kapu moja. Katika Sura Al-Maida, aya ya 44, "rabbaniyyun" na "ahbar" wametajwa kuwa ndio waliohukumu kwa Taurati. Umoja wa "ahbar" ni "habr"; na Ibn Abbas (r.a.), binamu yake Mtume, aliyefariki Taif mwaka 68 Hijria, Waislamu wamemwita kwa neno hilo hilo: Habrul-Umma.

Wabillahi tawfiq.