Mantovani na Fidla Zinazofuatana

Jioni hii twataka kuwasimulieni habari za mtu ambaye huenda mmekwisha kuisikia kazi yake mara nyingi bila ya kulijua jina lake. Kama mmepata kuketi karibu na gramafoni ya mtu mwenye santuri za Ulaya, mkasikia fidla nyingi zikilia pamoja polepole, sauti ikishuka juu ya sauti kama maji yateremkayo mwambani, basi yumkini mlikuwa mkimsikiliza Mantovani na okestra yake. Muziki wake Waingereza huuhesabu kuwa ni muziki mwororo, wa kuburudisha roho jioni baada ya kazi. Haumlazimishi mtu kucheza ngoma, wala haumtaki akae kimya kama aliye mbele ya hakimu.

Lakini twawaambieni mapema kwamba habari hii ni ya watu wawili, si ya mmoja. Jina la mmoja lilienea dunia nzima. La pili walilijua wachache, na bila ya huyo wa pili hatudhani kwamba tungekuwa na neno la kuwaambieni leo.

Annunzio Paolo Mantovani alizaliwa tarehe 15 Novemba mwaka wa 1905 katika mji wa Venice, nchi ya Italia, mji ule ambao njia zake nyingi ni mifereji ya maji na watu huenda sokoni kwa mashua. Baba yake alikuwa mpigaji mkuu wa fidla katika jumba la opera la La Scala mjini Milan, chini ya uongozi wa Toscanini, mtu aliyeogopwa na wapigaji wote wa zama zake kwa ukali wa sikio lake. Mwaka wa 1912 jamaa ile ilihamia Uingereza, na mtoto akalelewa huko. Alijifunza kwanza piano, kisha akashika fidla, akasoma katika chuo cha muziki cha Trinity mjini London. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alisimama mbele ya watu akapiga peke yake kazi ngumu ya Mjerumani Max Bruch, iliyotungwa kwa fidla moja na okestra nzima. Wengi walifikiri kwamba kijana huyu atafuata njia ya baba yake, njia ya muziki mzito wa majumba makubwa.

Hakuifuata. Katika miaka ya 1920 na ya 1930 London ilikuwa na hoteli na nyumba za kulia chakula ambamo matajiri walikula huku wakipigiwa muziki, na huko ndiko Mantovani alikopata mkate wake. Aliunda okestra yake iliyoitwa Tipica, ikapiga katika nyumba ya Monseigneur katika mtaa wa Piccadilly, na muziki wake ukatangazwa kwa redio pia. Sisi twaona kwamba kazi ile ilikuwa chuo cha pili kwake. Mtu anayekula hataki kushtuliwa. Mpigaji akizidisha nguvu, watu huweka vijiko chini na kukunja uso, na akilegea mno wanamsahau. Hapana budi apate kadiri iliyo katikati, na kuipata si jambo jepesi. Mwaka wa 1935 santuri yake ya wimbo Red Sails in the Sunset ilinunuliwa hata Marekani.

Mwaka ule ule wa 1935 aliingia katika okestra yake kijana mmoja mpigaji wa kodiani, jina lake Ronald Binge. Huyu ndiye mtu wa pili.

Binge alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Derby, mji wa viwanda na karakana za garimoshi. Alipokuwa mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa, na katika ujana wake alipiga kinanda katika nyumba za sinema. Kwa Mantovani alipiga kodiani, lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya kalamu. Yafaa tuieleze kazi hiyo, maana watu wengi hawajui kwamba iko. Mtunzi hutunga wimbo, labda kwa sauti moja tu na piano. Okestra ina watu 30 au 40. Ni nani atamwambia kila mmoja apige nini? Yuko mtu anayekaa mezani usiku na karatasi zake, akaugawanya wimbo ule, huyu akapewa sauti ya juu, yule ya chini, hawa wakanyamaza kwanza na kungoja zamu yao. Wenzetu mnaoimba kwaya mwafahamu kugawanya sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kazi ya Binge ilikuwa ndiyo hiyo, ila sauti zilikuwa nyingi zaidi.

Vita Kuu ya Pili ikaja. Tarehe 10 Juni mwaka wa 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Waitalia wengi waliokaa Uingereza walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Mantovani alikuwa amekwisha kuwa raia wa Uingereza tangu mwaka wa 1933, akaendelea na kazi yake. Binge aliingia katika jeshi la anga. Vita ilipokwisha walikutana tena, na mwaka wa 1946 Mantovani aliongoza muziki wa mchezo wa Noël Coward ulioitwa Pacific 1860 mjini London, na Binge akauandikia okestra sauti zake.

Sasa twafika mwaka wa 1951, na hapa tutakawia kidogo.

Kampuni ya santuri ya Decca ilitaka santuri za muziki wa waltzi zitakazouzwa Marekani. Mantovani akamwendea Binge, akamwomba namna mpya ya kuziandikia fidla, namna itakayowafanya watu wasimame na kusikiliza. Binge akakumbuka makanisa makubwa. Ninyi mlioimba katika kanisa la mawe lenye dari ya juu mwajua jinsi sauti isivyokufa upesi humo. Mwimbaji amekwisha kufika kwenye neno la pili, na neno la kwanza bado latembea ukutani. Watunzi wa Italia wa zamani, kama Monteverdi aliyefanya kazi katika kanisa la Mtakatifu Marko huko huko Venice, walitunga nyimbo zao wakiujua mwangwi huo. Binge alijiuliza: je, mwangwi waweza kuandikwa kwa wino? Je, okestra yaweza kubeba kanisa lake yenyewe, hata ikipiga katika chumba kisicho na mwangwi?

Alifanya hivi. Aliwagawanya wapigaji wa fidla mafungu. Fungu la kwanza hupiga sauti ya kwanza ya wimbo na kuishika, lisiiachie. Sauti ya pili hupigwa na fungu la pili, nalo huishika. Ya tatu ni ya fungu la tatu, na ya nne ya fungu la nne. Zamu ikirudi, fungu la kwanza ndipo liachapo sauti yake ya zamani na kushika mpya. Hivyo daima ziko sauti kadhaa zinazokaa hewani pamoja, kama mawimbi ya ufukweni, la kwanza halijarudi baharini na la pili limekwisha kulipanda mgongoni. Ajabu yake ni kwamba ukimtazama mpigaji mmoja peke yake, karatasi iliyo mbele yake haina wimbo. Ina sauti moja, kisha sauti nyingine mbali nayo, mfano wa mtu anayeruka vidaraja mtoni. Wimbo hauko kwa yeyote. Uko kwao wote wakiwa pamoja.

Sisi tulipolisoma jambo hili hatukuridhika mpaka tulipolijaribu kwa wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu. Tuliwapanga mafungu manne, tukawapa ngazi ya sauti ya kushuka, do, ti, la, so, kila fungu na sauti yake. Mara ya kwanza ilikuwa ghasia tupu. Fungu la tatu lilichelewa, la pili likacheka, na mmoja wa fungu la nne, ambaye hatutamtaja maana ni msikilizaji wa idhaa hii, alifuata sauti ya jirani yake. Mara ya nne au ya tano likatokea jambo. Sauti zilizo jirani zilikwaruzana kidogo, kisha zikayeyuka, na chumba chetu chenye paa la bati kikasikika kama ukumbi mkubwa. Vijana wakanyamaza wenyewe, wakatazamana. Tangu siku ile hatujapata kuuita muziki huo muziki rahisi. Ni rahisi kwa anayeusikia tu.

Wimbo uliochaguliwa kwa kazi hiyo ulikuwa wa zamani, jina lake Charmaine, uliotungwa na Erno Rapee kwa ajili ya sinema ya mwaka wa 1926. Santuri ile iliuzwa zaidi ya milioni moja, na jina la Mantovani likaenea pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Mwaka wa 1953 wimbo wake wa sinema ya Moulin Rouge ulifika mahali pa kwanza katika orodha ya santuri zilizouzwa Uingereza, na ilikuwa mara ya kwanza wimbo usio na mwimbaji kufika hapo. Mwaka wa 1954 wimbo Cara Mia, ulioimbwa na David Whitfield pamoja na okestra hiyo, ulikaa mahali pa kwanza majuma 10. Naye Mantovani alikuwa mmoja wa watungaji wake wawili, ingawa kwenye utungaji alitumia jina la kupanga.

Kampuni ya Decca nayo ilikuwa na sehemu yake katika bahati hiyo. Wakati wa vita mafundi wake walikuwa wametengeneza njia ya kunasa sauti za juu kabisa na za chini kabisa, ili wanajeshi wafundishwe kupambanua sauti ya nyambizi ya adui na ya nyambizi ya kwao. Amani ilipokuja, ufundi ule ule uliwekwa mbele ya fidla. Twaona ajabu kidogo kwamba chombo kilichotengenezwa ili kumwinda mtu chini ya bahari kilikuja kumlaza mwingine usingizi.

Walikuwapo watu waliosema kwamba sauti ile ni hila ya mitambo, kwamba mwangwi umetiwa na mafundi nyuma ya kioo cha studio. Mwaka wa 1955 Mantovani alianza safari zake za Marekani, akasimama mbele ya umati, na watu wakasikia kwa masikio yao kwamba mwangwi watoka katika pinde za fidla. Okestra yake kubwa ilikuwa na wapigaji 40, na 28 kati yao walipiga vyombo vya nyuzi. Mwaka wa 1957 santuri yake ndefu ya nyimbo za sinema, Film Encores, ilifika mahali pa kwanza huko Marekani.

Walakini wako wajuzi waliomdharau. Walisema muziki wake ni sukari tupu, na kwamba santuri moja yafanana na nyingine. Hatuwezi kuwakatalia kabisa. Alitoa santuri ndefu zaidi ya 50, na msikilizaji akizipiga tatu mfululizo huanza kutamani pilipili. Lakini wanaosema kwamba alifanya kazi bila bidii wanakosea, kwa kuwa alikuwa mpigaji wa fidla tangu utoto, na alijua upinde waweza nini na hauwezi nini.

Na swali letu la mwanzo bado liko: sauti ile ilikuwa ya nani? Kwa desturi ya kazi ile, mwandishi wa sauti hulipwa ujira wake, na jina linalowekwa mbele ni la kiongozi. Watu waliponunua Charmaine walisema wamenunua Mantovani. Hatusemi kwamba alimnyang'anya mwenzake, maana yeye ndiye aliyeomba, ndiye aliyeitambua thamani ya kitu kile alipokiona, ndiye aliyekuwa na wapigaji wa kukitimiza. Lakini twaona si haki jina la Binge likisahauliwa. Baada ya hapo Binge alifuata njia yake mwenyewe ya utungaji, na waandishi wengine, kama Cecil Milner, wakaendelea kumwandikia Mantovani. Binge alitunga Elizabethan Serenade, ambayo okestra ya Mantovani iliipiga kwanza mwaka wa 1951 kwa jina jingine. Mwaka wa 1963 alitunga Sailing By, wimbo ambao kwa miongo mingi redio ya Uingereza imeupiga usiku wa manane kabla ya kuwasomea mabaharia habari za hali ya bahari. Mabaharia wangapi wameungoja wimbo ule gizani, wala hawajui ni wa nani!

Binge alifariki mwezi wa Septemba mwaka wa 1979. Mantovani alimfuata tarehe 29 Machi mwaka wa 1980, katika mji wa Tunbridge Wells, jimbo la Kent, naye alikuwa na umri wa miaka 74.

Sasa, wasikilizaji wetu, mtapigiwa santuri ya Charmaine. Twawaombeni msiufuate wimbo mara hii. Chagueni sauti moja tu, mwanzoni kabisa, ishikeni kwa sikio, mwangalie itakaa muda gani kabla ya kuachiliwa.