Pambo la Bustani Lisigeuke Adui wa Malisho

Maelezo kwa wakazi kabla ya msimu wa upanzi



Masika yanapokaribia, vitalu vya miche kando ya barabara za Nanyuki, Nyahururu na Rumuruti hupata wateja wengi. Aliyejenga nyumba mpya anatafuta uzio. Mwenye mkahawa anataka maua ya kupendeza wageni. Shule inataka miti ya kivuli. Nia hizo zote ni njema. Lakini kabla ya mche kutiwa ardhini, yafaa kila mnunuzi ajiulize swali moja: mmea huu ukitoka nje ya bustani, utafanya nini huko?

Laikipia inalijua jibu kwa uchungu. Mpungate, ambao wengi huuita kaktasi au dungusi kakati, asili yake ni bara la Amerika. Ulifika hapa wakati wa ukoloni, ukapandwa kwa urembo na kwa uzio. Ulionekana mmea wa maana: hauhitaji maji mengi, maua yake ni ya manjano, na matunda yake mekundu yanavutia. Leo, pande za Dol Dol na kwingineko kaskazini mwa kaunti, umefunika malisho ambayo zamani yalikuwa nyasi tupu.

Haukuenea kwa muujiza. Ndovu, nyani na ndege hula tunda, kisha huangusha mbegu mbali katika mavi yao. Kipande cha mmea kikidondoka chini hutoa mizizi na kuwa mmea mpya. Wakati wa kiangazi, mbuzi, kondoo na ng'ombe wenye njaa hulifuata tunda hilo tamu. Vimiba vyake vidogo kama nywele huwachoma kwenye fizi, ulimi, macho na hata tumboni. Mnyama hushindwa kula na hukonda, na mwingine hufa. Familia inayotegemea mifugo hupoteza karo na chakula kwa sababu ya mmea uliopandwa kuwa pambo.

Dawa moja imesaidia. Tangu mwaka 2014, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mpungate wameachiliwa Laikipia. Huonekana kama pamba nyeupe juu ya mmea, na wakipondwa hutoa rangi nyekundu. Mkazi anayeona pamba hiyo kwenye mpungate asiupulizie dawa ya wadudu, maana atamuua msaidizi wake. Hata hivyo, wadudu hao hawashambulii kila aina ya kaktasi. Kazi ya jembe bado ipo.

Anayeng'oa mpungate avae glavu nene na viatu vya kufunika mguu. Aung'oe na mizizi yake, akusanye kila kipande na kila tunda, kisha avifukie katika shimo refu, au avikaushe kabisa mahali pamoja kabla ya kuvichoma. Asitupe vipande barabarani wala mtoni. Kutupa ni kupanda.

Mpungate si peke yake. Ipo kaktasi ndefu yenye shina la mviringo na miiba mirefu, ambayo wengi wameipanda kuzunguka boma. Nayo huota kutoka kwenye kipande kilichoanguka, na inaenea. Upo mmea wa vyungu wenye majani membamba kama mirija, unaozaa vitoto vingi kwenye ncha za majani. Kila kitoto kikidondoka huota, na mmea huo ni sumu kwa mifugo. Lantana, yenye maua ya rangi mbalimbali, ilipandwa sana kuwa uzio, na sasa ni kichaka mwituni. Hata gugu maji linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria lilisambazwa duniani kwa sababu watu walipenda ua lake la zambarau.

Pia kuna mimea ya kuwekwa mbali na watoto. Oleanda, ile ya maua ya waridi na ile ya manjano, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Haifai uani mwa shule ya chekechea wala kando ya zizi.

Je, bustani zibaki tupu? La. Anayetaka uzio ana mtandamboo, ambao Wakikuyu huuita mukawa na Wamaasai olamuriaki. Una miiba ya kuzuia mbuzi, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda ambayo watoto huyala. Anayetaka mti wa maua ana mwamba ngoma, au muhuti, ambao huwaka wekundu wakati wa kiangazi na kuwaita ndege. Mshubiri hustahimili ukame, na maua yake hupendwa na nyuki. Mche wake utoke kitaluni, usichimbwe porini. Vivyo hivyo kangaga, zinazopenda kivuli na unyevu: ziachwe msituni, zinunuliwe kwa aliyezikuza. Wala si kila mmea wa kigeni ni adui. Waridi na bogenvilia zimekaa bustanini miaka mingi bila kuvamia malisho ya mtu.

Shimo la mti lichimbwe mapema, upana na kina cha futi mbili. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na mche upandwe ardhi ikiwa imelowa. Nyasi kavu kuzunguka shina huhifadhi unyevu. Mti mkubwa uwe mbali na ukuta, bomba la maji na nyaya za umeme.

Sheria ya Kenya ya kudhibiti magugu hatari humtaka mwenye shamba aondoe gugu lililotangazwa kuwa hatari. Lakini ni rahisi zaidi kutolipanda kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye shaka kuhusu mche amuulize afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kuununua. Na mwenye shina moja la mpungate nyuma ya nyumba aling'oe msimu huu, lingali moja.