Mizani ya Mwili Baada ya Jeraha la Kichwa



Tumeombwa kuzungumzia afya. Tungeweza kuchagua kisukari, ambacho huhubiriwa kila mwaka na kila mwaka mithai huliwa mara tu baada ya hotuba. Safari hii tumechagua jambo lililo mbele ya milango ya maduka yetu.

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari hupita Bunda, nasi tunaofanya biashara kandokando yake tumeona bodaboda nyingi zikianguka. Majeruhi hukimbizwa Manyamanyama. Mwenye jeraha kubwa la kichwa hupelekwa Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 100. Hapo sote hujitokeza: huyu gari, yule mafuta, mwingine damu. Mgonjwa akirejea nyumbani hai, twamshukuru Mungu na kurudi dukani. Kumbe hatari nyingine inamngoja kwenye sakafu ya msalani.

Mwili husimama wima kwa habari za pande tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Ubongo huzipatanisha, mfano wa karani anayelinganisha vitabu vitatu vya hesabu. Pigo la kichwa laweza kuharibu kitabu kimoja, au kumvuruga karani mwenyewe. Ndiyo sababu kijana mwenye miguu yenye nguvu hutembea vizuri mchana, na usiku umeme ukikatika akaanguka: macho ndiyo yaliyokuwa yakimbeba. Na kichwa kilichokwisha kujeruhiwa hakistahili kupigwa mara ya pili.

Kwa hofu hiyo, familia nyingi humkalisha mgonjwa kitini mchana kutwa. Ni hofu ya mapenzi, hatuidharau. Lakini misuli isiyotumika hudhoofika, na ubongo usiodaiwa kazi ya kusimamisha mwili haujifunzi upya kazi hiyo. Aliyelindwa hivyo huanguka siku anapoinuka peke yake.

Dawa yake ni kuifundisha mizani ya mwili, na kazi hiyo huanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yeye hupima kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Katherine Berg wa Kanada, cha mwaka 1989: kazi 14 za kawaida, kama kuinuka kitini, kugeuka na kuokota kitu sakafuni, kwa jumla ya alama 56. Pia hutazama kama kizunguzungu kinatoka sikioni, kwa maana pigo huweza kung'oa chembe ndogo zilizomo ndani ya sikio, na aina hiyo mara nyingi hutibika kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu, bila kidonge.

Baada ya hapo kazi ni ya nyumbani, kila siku, kwa kiasi alichoelekeza mtaalamu. Mgonjwa husimama kwenye pembe ya chumba, ukuta nyuma yake na kiti imara mbele yake. Huanza na miguu iliyokaribiana. Akizoea, mguu mmoja mbele ya mwingine. Kisha, kwa ruhusa, macho yakiwa yamefumbwa. Huinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Hutembea kisigino kikigusa vidole. Msaidizi hukaa upande ulio dhaifu, nyuma kidogo, naye asimshike mkono. Amfunge kanga imara kiunoni na kushika hapo. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi kitu, ila asifanye la kumyumbisha akiwa peke yake.

Zoezi la mwisho ni la kwetu kabisa. Huku Mara huwezi kupita mtu bila salamu, tena salamu ndefu. Aliyeumia ubongo mara nyingi hushindwa kutembea na kujibu kwa pamoja. Huyumba katikati ya neno. Basi afundishwe kutembea huku akihesabu au akitaja majina ya wajukuu. Hadi atakapoweza, sisi wengine tusimsemeshe akiwa mwendoni. Tungoje asimame.

Usiku taa iwe karibu, na kabla ya kuinuka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Mikeka inayoteleza iondolewe, na ndala zibadilishwe na viatu vyenye kushika kisigino. Dawa za kifafa na za usingizi huweza kuongeza kuyumba: aelezwe daktari, zisikatizwe nyumbani. Naye akianguka na kugonga kichwa, kisha akaumwa kichwa, akatapika au akasinzia kupita kawaida, hata kama zimepita wiki kadhaa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tumalizie hapa hapa tulipo. Hekalu hili humtaka mtu avue viatu kwa mguu mmoja, apande ngazi, asimame wakati wote wa aarti, kisha azunguke madhabahu akiwa amezungukwa na watu. Kwa aliyeumia kichwa, huo ni mtihani mzito, na wapo waliokwisha kuacha kuja kwa sababu yake. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi wafanyabiashara tunaomba ruhusa ya kugharimia vitu vitatu kabla ya Navaratri: benchi penye viatu, bomba la kushikia pande zote mbili za ngazi, na viti vichache kando ya ukuta wa ukumbi. Fundi amekwisha kupima ngazi.