Kutafuta Maneno ya Wimbo wa Kiwolofu: Tafsiri ya Moja kwa Moja baina ya Lugha za Kiafrika



1.0 Utangulizi

Upo wimbo wa Kiwolofu unaopendwa na watu wengi wasioelewa hata neno lake moja. Wimbo huo ni "Tajabone" wa Ismaël Lô, mwanamuziki wa Senegali, uliotoka mwaka 1990. Una gitaa, kinanda cha mdomo na sauti tulivu ya mwimbaji. Mwaka 1999 mwongozaji filamu wa Hispania, Pedro Almodóvar, aliutumia katika filamu yake Todo sobre mi madre, pale mama aliyefiwa na mwanawe anapoingia Barcelona. Si ajabu, basi, msikilizaji akauchukulia kuwa ni wimbo wa msiba, au wa mapenzi yaliyovunjika, na akaanza kuyatafuta maneno yake.

Hoja yangu leo ni hii: mwenye kutafuta maneno ya wimbo wa namna hii hutafuta, kwa hakika, vitu vitatu, navyo ni matini, maana ya maneno, na muktadha. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuvipokea vyote vitatu kutoka katika Kiwolofu bila ya kupitia Kifaransa wala Kiingereza.

2.0 Matini: Kutoka Sikioni hadi Karatasini

Kiwolofu kimeandikwa kwa muda mrefu kwa hati ya Kiarabu, na maandishi hayo huitwa Wolofal. Washairi wa Kimuridi, kama Serigne Moussa Ka, walitunga kwayo tenzi ndefu za dini. Jambo hili si geni kwetu, kwani tenzi zetu kongwe zilihifadhiwa kwa njia iyo hiyo. Kwa upande wa hati ya Kilatini, othografia rasmi iliwekwa kwa amri ya serikali.

Hata hivyo, watu wengi huandika Kiwolofu kwa mazoea ya shule ya Kifaransa. Wali kwa samaki, ambao othografia rasmi huuandika ceebu jën, huonekana katika orodha za vyakula kama thiéboudienne. Mtafutaji akiona th, akafungua kamusi kwenye herufi hiyo, hatapata kitu, kwa sababu sauti hiyo ni karibu na ch yetu, nayo huandikwa c. Vilevile ñ ni ny yetu, na x hukaribia kh.

Urefu wa irabu nao hubadili maana: xol ni moyo, xool ni kutazama. Mtu anayenakili wimbo kwa sikio akapoteza irabu moja, huenda akaandika moyo mahali pa jicho. Tena othografia si suala la walimu peke yao. Filamu ya Ousmane Sembène, Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa nchini Senegali, na sababu iliyotolewa na serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ilikuwa herufi d mbili katika jina lake, ilhali serikali ilitaka moja. Sembène alikataa kuiondoa. Taifa linaloweza kuzuia filamu kwa ajili ya konsonanti moja linajua kwamba kuandika lugha ni kuimiliki.

3.0 Maana ya Maneno: Ndugu na Wadanganyifu

Msikilizaji wa Kiswahili huusikia wimbo huu akiwa na mtaji ambao msikilizaji wa Paris hana. Kiwolofu, kama Kiswahili, kimekopa kwa wingi kutoka Kiarabu. Dunia ni àdduna, wakati ni waxtu, roho ni ruu, malaika ni malaaka. Maneno mawili ya mwisho yamo katika "Tajabone", na sikio la mtu wa pwani huyadaka mara moja.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Kwetu neno malaika limesafiri mbali na asili yake. Mtoto mchanga ni malaika, vinyweleo vya mwili ni malaika, na katika wimbo maarufu ulioimbwa na Fadhili William na Miriam Makeba, malaika ni mpenzi ambaye kijana hawezi kumwoa kwa ufukara wake. Mwenye wimbo huo kichwani, akisikia malaaka kwa sauti ya Ismaël Lô, atadhani ameshapata maana, kumbe ameibeba kutoka nyumbani kwake.

Sarufi nayo ina undugu wake. Kiwolofu kina ngeli, ingawa alama yake hufuata nomino: xale bi ni mtoto, xale yi ni watoto. Nafsi ya tatu haitofautishi mume na mke, kama ilivyo yeye yetu; anayepitia Kiingereza hulazimika kuchagua jinsia ambayo mtunzi hakuitaja. Isitoshe, Kiwolofu hubadili umbo la sentensi kulingana na kinachosisitizwa. Dem naa ni "nimekwenda"; maa dem ni "ni mimi niliyekwenda"; Dakar laa dem ni "ni Dakar nilikokwenda". Kiswahili, kwa virejeshi vyake, hubeba tofauti hizi bila taabu. Mfasiri asiyeziona atatoa sentensi moja mahali pa tatu.

4.0 Muktadha: Usiku wa Tamxarit

Tuseme sasa matini tunayo, na maneno tumeyafafanua. Bado wimbo haujafunguka mpaka tujue unaimbwa lini. Tajabone ni shamrashamra za watoto katika usiku wa Tamxarit, yaani Ashura, siku ya kumi ya Mfungo Nne, mwezi wa Muharram. Jioni hiyo familia hula cere, kuskusi ya uwele, kwa mchuzi wa nyama. Kisha watoto hutoka, wavulana wamevaa nguo za kike na wasichana za kiume, wakapita nyumba hadi nyumba wakipiga ngoma na kuimba, wakipewa nafaka au senti.

Maneno ya wimbo ni machache. Yanazungumzia malaika wawili wanaoshuka kutoka juu na kuijia roho ya mtu, wamwulize kama aliswali na kama alifunga. Msikilizaji wa pwani yetu atawakumbuka Munkar na Nakir. Kwa hiyo huzuni tunayoisikia katika sauti ile si ya kufiwa wala ya kuachwa. Ni uzito wa swali la akhera lililowekwa katika mchezo wa watoto, na mwimbaji ameupunguza mwendo wa mchezo ili swali lisikike.

5.0 Hitimisho

Almodóvar alikuwa na haki ya kuutumia wimbo kama alivyoutumia, kwani muziki hauombi pasi ya kusafiria. Lakini mwanafunzi wa lugha ana wajibu mwingine. Katiba ya Senegali ya mwaka 2001 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiwolofu kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Iwapo sisi nasi tutaendelea kukifikia Kiwolofu kwa mlango wa Kifaransa peke yake, tutakuwa tumeukubali mpangilio huo hata mahali ambapo hautulazimishi.

Nawaomba wanafunzi waliopo hapa wachukue wimbo mmoja tu. Waunakili kwa othografia rasmi, wausome mbele ya mzungumzaji wa lugha, wamwulize unaimbwa wapi na lini, ndipo waufasiri kwa Kiswahili moja kwa moja. Faharasa ya Kiwolofu na Kiswahili yenye maneno mia mbili, iliyotokana na nyimbo kumi zilizoeleweka sawasawa, ingekuwa mwanzo wa kamusi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.